Baba wa Kukodi kutoka Kaloleni

Joyce, aliyeachiwa ofisi yangu, ameniomba niandike mwongozo wa kazi. Nimemwambia miongozo ipo, imejaa kabati zima, na panya wameipitia kwa makini kuliko sisi. Ninachoweza kuandika ni yale niliyoyaona nikiwa mshauri wa wanafunzi katika chuo chetu kile cha upande wa Kisongo, ambako ndege ndogo za watalii hupita juu ya madarasa na mwalimu hunyamaza hadi zipite. Naandika nikiwa nimechoka. Msitafute humu maneno ya kutia moyo. Hayo yamebandikwa ukutani, na mtaendelea kuyakuta hukohuko.

Sikuanza kama mshauri. Nilikuwa nafundisha, na mkuu wa chuo wa wakati ule aliona nina sura ya kuambiwa mambo. Nikapewa chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Siku ya kwanza nilivaa suti mpya, nikakaa nyuma ya meza nikiwasubiri wenye matatizo. Wa kwanza kugonga mlango aliuliza choo kiko wapi. Wa pili alikuja kuchukua kiti, maana alidhani bado ni stoo. Wa tatu alikuwa msichana, akaniambia ana vidonda vya tumbo, nami kwa bidii zangu zote nikamwandikia aende zahanati. Nikarudi nyumbani nikiwa nimeridhika kabisa.

Aliyenifungua macho ni Mama Eliakunda, matroni wa hosteli ya wasichana, nesi wa zamani aliyekuwa na sauti ya kuamsha jengo zima. Nilipomsimulia habari za yule msichana alicheka mpaka akafuta machozi na khanga.

"Mwanangu," akasema, "hapa chuoni kila kitu kinaitwa vidonda vya tumbo. Aliyeachwa na mchumba ana vidonda vya tumbo. Ambaye hajala tangu jana ana vidonda vya tumbo. Anayeogopa mtihani naye anavyo. Usimbishie. Mkalishe, umwulize vilianza lini. Hapo ndipo atakwambia ukweli, kwa sababu siku anaikumbuka."

Nimetumia swali hilo kazi yangu yote. Vilianza lini? Vilianza baba alipooa tena. Vilianza matokeo yalipotoka. Vilianza nilipogundua siwezi kurudi nyumbani nikiwa hivi. Mama Eliakunda ndiye pia aliyenihamisha nyuma ya meza. Alivuta viti viwili akaviweka upande mmoja, vikitazama dirisha, akasema mtu anayetazamwa usoni na mtu mzima husema anachotakiwa kusema tu. Na alinikataza neno "nakuelewa". "Hujamwelewa," alisema. "Unataka tu amalize ukale."

Vifaa vya kazi hii ni vichache na hakuna hata kimoja kilichowahi kuingia kwenye bajeti. Chupa ya chai. Karatasi za choo, maana tishu za boksi wanafunzi waliziogopa, waliona wataonekana wamekuja kulia. Pazia. Mablanketi pia, na msicheke. Kila mwaka, ukifika mwezi wa sita na wingu likashuka kutoka Meru likakaa wiki nzima, wanafunzi wa Mtwara na Lindi walianza kuja mmoja mmoja wakisema wanataka kuacha chuo. Hawakuwa na shida ya masomo. Walikuwa na baridi, na hakuna aliyewaambia kwamba Arusha kuna baridi. Ukimpa mtoto blanketi na uji wa moto, nusu ya mgogoro inakwisha, na hakuna semina iliyowahi kunifundisha hilo.

Semina nazo zilikuja, miaka ya karibuni hasa. Tukaletewa mabango ya afya ya akili yenye picha ya kijana wa Kizungu ameshika kichwa kando ya bahari. Mwanafunzi mmoja wa Ngaramtoni aliniuliza huyo kaka aliibiwa nini. Wakati huohuo wanafunzi waliongezeka, na sisi wa ofisi tukabaki walewale wawili. Mtu akikuambia kwamba hakuna aliyepaswa kupita bila kuonekana, mwulize yeye alikuwa wapi.

Sasa niwaeleze habari ya Anaeli, kwa sababu kila ninapofikiria kazi ile huanzia hapo, hata nisipotaka.

Mnajua kanuni. Mwanafunzi aliyeondolewa masomoni, wao wanasema aliyedisko, anaweza kuomba kurudi baada ya mwaka, lakini lazima afike mbele ya kamati ya taaluma akiwa na mzazi wake mwenyewe. Siyo kaka, siyo mlezi. Na mimi ndiye niliyekuwa nawaona kwanza, kabla ya kamati. Kanuni hiyo iliwekwa na watu ambao wazazi wao waliwahi kufika shuleni kwao. Matokeo yake, pale Kaloleni, mtaa wa mjini Arusha, kukazuka kazi ya kukodiwa kuwa mzazi. Mwanafunzi aliyeogopa kumleta baba yake alikwenda kumtafuta mzee mwenye sura ya heshima, akampa hela ya chai na koti la kuazima, akamfundisha majina. Nilikuwa nawatambua. Wengi niliwaacha, kwa kuwa makosa yenyewe yalikuwa ya kuchelewa kurudi hosteli na mambo ya namna hiyo.

Anaeli alikuja wakati maandalizi ya mahafali yameanza. Kijana mrefu, mpole, shati limepigwa pasi hadi linang'aa. Nyuma yake alikuwa mzee aliyevaa koti zito, ameketi wima, macho ukutani.

"Shikamoo madam," Anaeli akasema. "Huyu ni baba. Tumekuja kwa ajili ya barua ya kurudi."

Nilimtambua mzee mara moja. Alikuwa amewahi kukaa kwenye kiti kilekile akiwa baba wa msichana wa Karatu, na kabla ya hapo akiwa baba wa kijana wa Singida. Nikamimina chai. Barua yake ya maombi ilisema baba anaitwa Elirehema, mzee wa kanisa, mkulima wa kahawa na ndizi huko juu, upande wa Momela.

"Karibu sana, Mzee Elirehema. Kahawa mwaka huu?"

"Imekubali, tunashukuru."

"Na mchungaji wenu, mzima?"

"Mzima kabisa, alhamdulillah."

Anaeli alifumba macho. Mimi nilikunywa chai, maana ningefanya nini. Mzee akatambua alichosema, akaweka kikombe chini polepole.

"Madam, tusichoshane," akasema. "Mimi ni Shabani, fundi viatu wa Kaloleni, na wewe unanijua. Hawa wengine nawasaidia, ni mambo ya utoto. Lakini huyu nimekaa naye kwenye benchi tangu asubuhi ananifundisha baba yake alivyo, na kila akifika katikati anashindwa kumalizia. Hii siiwezi. Baba wa mtu yuko hai." Akainuka, akamshika Anaeli kichwani kidogo, akaondoka bila kumaliza chai.

Nikamwacha kijana alie. Kisha nikamwuliza vilianza lini.

Vilianza mwaka wa pili. Hakuwa mzembe wala hakuwa na akili ndogo. Usingizi ulimtoka, halafu hamu ya kula, halafu akaacha kutoka chumbani, na mitihani ikampita akiwa kitandani amejifunika gubigubi. Akadisko. Nyumbani hakusema. Tangu hapo alikuwa akikaa geto, chumba cha kupanga cha rafiki yake Kaloleni, mchana anabeba mizigo dukani, na kila Jumapili jioni anapiga simu kumweleza baba yake masomo yanavyoendelea. Kwa hesabu za nyumbani, mwaka huu anahitimu. Kamati ya sherehe ilikuwa imeundwa, kundi la WhatsApp limefunguliwa, ng'ombe ametengwa na ametajwa mbele ya wazee.

Nikamwuliza moja kwa moja kama amefikiria kujiua. Nanyi mwulizeni mtu hivyohivyo, kwa neno lenyewe. Kuuliza hakumpi mtu wazo, kunampa mahali pa kuliweka. Alisema ndiyo. Alisema kama asingerudishwa chuoni kabla ya siku ya sherehe, hakuona siku inayofuata. Hapo mambo ya kanuni niliyaweka pembeni. Nilimpigia daktari wa akili wa hospitali tuliyokuwa tunashirikiana nayo, akamwona siku hiyohiyo, na rafiki yake akakubali kutomwacha peke yake. Daktari aliniambia dawa na maongezi vitasaidia, ila mzigo wenyewe uko Momela. Nikamwuliza Anaeli kama naweza kupiga simu nyumbani. Akasema tuende wote.

Nilipompigia Mzee Elirehema nilisema nitapanda na Anaeli Jumamosi, kuna jambo la chuo. Sikutaka kulisema kwenye simu. Nadhani hata ninyi msingelisema.

Lakini fikirini mlimani kule wanasikiaje. Mahafali yamekaribia, mwalimu wa chuo mwenyewe anapanda mlima na mtoto. Mwalimu hapandi mlima kwa habari mbaya, habari mbaya huja kwa barua. Mwalimu akija mwenyewe, mtoto ameongoza. Kwa hiyo tulipofika tulikuta ua umefagiliwa, turubai limefungwa kati ya migomba, wazee wa kanisa wamekaa kwenye mabenchi, na kina mama wa kwaya wamevaa sare. Pale getini Anaeli alinishika mkono wa gauni, mtu mzima yule, akaniambia kwa sauti ndogo, "Madam, wamekuja kunipongeza."

Hatukupata hata nafasi ya kumvuta baba pembeni. Mama yake alinipokea kwa shuka zito jekundu, lile wanalomvisha mgeni wa heshima, akanifunika mabegani, na kwaya ikaimba. Mzee Elirehema, mwembamba, koti limefungwa vifungo vyote, akasimama na kuanza kuhutubia kwa Kimeru. Mimi ni Mpare, Kimeru sikijui. Akamwamuru Anaeli asimame kando yangu anitafsirie.

"Anasema karibu," Anaeli akaanza. "Anasema wewe ndiye uliyemlea mtoto wake mjini. Anasema katika ukoo wao hakuna aliyewahi..." Baba akaendelea, watu wakapiga makofi, wote wananitazama mimi. "Anasema hajui kusema asante kwa Kiswahili cha kutosha. Anasema..."

Hakumalizia. Alimgeukia baba yake akaanza kusema yeye, kwa Kimeru. Sikuelewa neno, ila nililisikia jina la chuo, na nikalisikia jina la Kaloleni. Nilitazama nyuso tu. Mama yake, aliyekuwa amebeba bakuli la loshoro kwa ajili yangu, mahindi yale ya maziwa mgando, aliliweka chini. Kwaya wakaanza kutazamana. Mimi nimesimama na shuka lao mabegani, natokwa na jasho, natamani ardhi ipasuke. Nimewahi kuwasindikiza wanafunzi mochwari na kituo cha polisi, lakini sijawahi kuona aibu ya kiasi kile mchana wa jua.

Alipomaliza, baba aliniuliza kwa Kiswahili, "Mwalimu, ni kweli?"

"Ni kweli, baba. Na aliumwa. Kuumwa kwenyewe ndiko kulikomwangusha, na bado anatibiwa."

"Kuumwa nimesikia. Kufeli nimesikia, hata mimi darasa la saba halikunipeleka popote." Alikuwa anaongea na mimi, kijana hamtazami. "Hilo la kwenda mtaani kukodi baba. Hilo mwambie arudie."

Anaeli alirudia, kwa Kiswahili safari hii, ili nami nishuhudie. Mzee akakaa. Hakupiga kelele, hakulaani, na ningependa angefanya mojawapo, maana hayo nimeyazoea. Mzee mmoja wa kanisa ndiye aliyetuokoa. Alisema chakula hakina kosa, akaomba sala fupi, watu wakala kwa vijiko vinavyogonga sahani bila mazungumzo. Nilipojaribu kulivua lile shuka, mama yake Anaeli alinizuia. "Kaa nalo, mwalimu. Huko chini kuna baridi."

Sherehe ilivunjwa. Nasikia Mzee Elirehema alisimama mwenyewe kanisani Jumapili iliyofuata akasema haitakuwepo, mwanawe alikuwa mgonjwa na wamwombee. Hakutumia neno lingine. Ilimgharimu, maana kule mtu aliyekwisha kutaja ng'ombe mbele ya wazee hutazamwa sana.

Nisiwaweke roho juu, kwa kuwa najua mnavyosoma: kamati ilimrudisha. Alianza tena mwaka wa pili, akaendelea na dawa na kuja kwangu kila wiki, akamaliza bila kelele. Hayo yako kwenye kumbukumbu za chuo. Lakini siku yenyewe ya kamati ina jambo ambalo haliko huko, na ndilo nililotaka niwaachie.

Asubuhi ile Mzee Elirehema alishuka mjini mapema, akanipigia simu. Alitaka kupelekwa kwanza Kaloleni, amwone huyo mtu. Nilikimbia huko nikijua nakwenda kuamua ugomvi. Nikamkuta amesimama mbele ya benchi la Mzee Shabani, karibu na uwanja wa mpira, na Anaeli yuko ng'ambo ya barabara hataki kusogea. Mzee Shabani alikuwa ameshika soli ya kiatu mkononi, hajui aiweke wapi. Walisalimiana kwa urefu, wazee wale, habari za asubuhi, za nyumbani, za mvua, mpaka nikachoka.

"Nataka kitu kimoja," Mzee Elirehema akasema. "Alikufundisha uwe mimi. Alikufundisha nini?"

"Mzee mwenzangu, aliniambia mazuri tu."

"Niambie yote."

Mzee Shabani alinitazama mimi, kana kwamba ningeweza kumsaidia. "Aliniambia nikae wima. Nivae koti hata kukiwa na jua. Nikiulizwa nisijibu haraka. Akasema nisimsifie mbele za watu, hata madam akimsifia." Akaigeuza ile soli mkononi. "Akasema nisimwangalie usoni. Nikamwambia, sasa kijana, nitamsemeaje mtoto nisiyemwangalia? Akasema, baba yangu huwa haniangalii. Ukiniangalia watajua siyo yeye."

Mzee Elirehema alivua kofia, akaivaa tena, akamshukuru Mzee Shabani kwa kukataa ile kazi. Njia nzima hadi Kisongo nilikaa nikifikiria kwamba nimesoma vitabu vingi sana vya kazi hii, na nilikuwa hoi kiasi kwamba sikukumbuka hata kimoja.

Kamati ilichelewa kuanza, kama kawaida, wakisubiri akidi. Tulipoitwa, mwenyekiti alikuwa anapekua faili bila kuinua uso. Akauliza swali analomwuliza kila mtu: wewe ni nani wa mwanafunzi huyu?

Mzee Elirehema hakujibu haraka. Aligeuza kiti chake, miguu ya kiti ikakwaruza sakafu na wajumbe wote wakainua vichwa, akaketi akielekeana na Anaeli. Akamwangalia usoni. Kijana aliinamisha macho, kwa mazoea, na baba yake akangoja. Mwenyekiti akarudia swali, akidhani mzee hasikii vizuri. Baba hakugeuka. Alingoja mpaka Anaeli akayainua macho yake na kuyaacha hapo.

"Mimi ni baba yake," akasema.